Mdogo wangu, usinunue hema jipya, kaza kamba

"Shikamoo kaka. Hema langu limekatika fito mbili pale Barafu. Ninunue la aina gani?" Ujumbe huu umetoka kwa mgumu mmoja, yaani mpagazi, wa njia ya Machame, Mlima Kilimanjaro, na tangu juzi hautoki kichwani, maana hapo hapo Barafu ndipo lilipokatikia la kwangu.

Ulikuwa msimu wangu wa pili. Kambi ya Barafu iko zaidi ya mita 4,600, juu ya mgongo wa mawe, hakuna hata kichaka cha kukinga upepo. Nilifika nimechoka, kichwa kinagonga. Pegi zikagoma kuingia ardhini, nikazilaza tu chini ya vijiwe, na kamba nne za kulivuta hema sikuzikunjua kabisa. Nikajiambia wageni wataamshwa saa tano usiku waende kileleni, hadi hapo litasimama. Saa tatu nikasikia paa! Ufito wa kwanza, halafu wa pili, na ncha yake ikachana turubai la juu. Wageni, mtu na mkewe, wazee, wakahamishiwa hema la chakula wakitetemeka. Kiongozi akanisema mbele ya wapagazi wote. Safari iliyofuata sikuitwa, wala ile ya baada yake. Mpaka leo nikikumbuka maneno yale moyo unauma.

Sasa sikiliza. Ufito wa alumini kazi yake ni kulipa hema umbo. Anayepambana na upepo ni kamba. Zivute kwa jozi, ya upande wa upepo na ya upande wa pili, zikaze sawa, ziende mshazari mbali na hema. Pegi ikikataa, funga kamba kwenye jiwe refu, kisha ulikandamize kwa jiwe kubwa zaidi. Chunguza kingo, mawe ya volkano yanakata kama msumeno. Jioni zikaze tena, kwa sababu nailoni ikilowa hulegea. Na unapounga ufito, kila kipande kiingie mpaka mwisho. Upitishe kwa kuusukuma, ukiuvuta viungo vinaachana. Mfukoni usikose kipande cha bomba la alumini cha kuvalisha palipokatika, na tepu ngumu.

Wote tunataka kupanda cheo, leo mpagazi, kesho leseni ya kuongoza wageni. Lakini vijana tunataka kushika redio ya mawasiliano kabla hatujajua kushika kamba! Kamba, mdogo wangu. Narudia, kamba.

Mwezi uliopita nilikuwa Barafu tena, mahema tisa chini yangu. Upepo ulivuma usiku kucha. Nilizikagua kamba saa mbili, nikatoka tena saa nne na taa ya kichwani, nikakaza mbili zilizolegea. Alfajiri yote tisa yalikuwa wima. Yule kiongozi wa siku ile alikuwa kambi ya jirani. Alipita, akasimama, akaivuta kamba moja kwa kidole, akaenda zake bila kusema neno. Nilimwona.