Barua kwa mwanangu: maumivu ya siku ya tatu

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa barazani peke yangu, maana sikutaka wajukuu wanione uso. Unasema usiku ule maji yalipojaa bonde la Msimbazi huko Dar ulitoa watu mpaka alfajiri, wengine mgongoni, wengine kwa kamba, na hukusikia maumivu yoyote. Leo siku ya tatu huwezi kushuka ngazi. Mikono inatetemeka ukishika kikombe. Ukifumba macho unalisikia lile bati likikwaruza ukuta ndani ya maji. Halafu ukaniuliza: "Mama, wewe ulimbeba yule mama wa Mwera usiku kucha, na asubuhi nikakuona unatwanga. Mbona mimi nimekuwa laini hivi?"

Ulikuwa na miaka saba. Ulichokiona ni mchi ukipanda na kushuka. Yaliyofuata baada ya mchi nilikuficha, na sasa naona nilikosea, kwa sababu umeishi miaka yote hii ukijipima na mama ambaye hakuwepo.

Ilikuwa mwisho wa 1997, zile mvua za El Nino. Jirani yetu alikuwa na uchungu tangu jana yake, damu ikaanza kutoka, na hakuna gari lililoweza kupita barabara ya mashamba ya mkonge. Tukamlaza kwenye kitanda cha kamba, tukaupitisha mti huku na huku, tukambeba tukiwa watu wanne: mumewe, shemeji yake, wifi yangu na mimi. Tope lilifika magotini. Mtu wa kupokezana naye hakuwepo. Tulipofika Bweni pantoni lilikuwa ng'ambo, na mto umefura. Tukaita mpaka sauti zikakauka, ndipo mwenye mtumbwi mmoja akaitika, Mungu amlipe, akatuvusha hadi mjini Pangani. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Njiani sikuumwa hata kidogo. Mwiba wa mkonge ulikuwa umenizama kwenye kigimbi nikauona asubuhi, damu imeshaganda. Baadaye daktari alinieleza kwamba mwili ukihisi hatari humwaga adrenalini, moyo hukimbia, na maumivu hunyamazishwa ili mtu amalize kazi iliyo mbele yake. Hayajaondoka, yanangoja. Basi usiku ule hukuwa chuma, na leo hujawa laini. Ni mwili uleule.

Na kwa nini yanazidi siku ya pili na ya tatu badala ya kupungua? Nyuzi za misuli zinapolazimishwa kupita zilivyozoea huchanika, vipande vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho, kisha panavimba mwili unapoanza kutengeneza. Zinachanika zaidi pale msuli unaponyooka huku umeshikilia uzito, kama kumteremsha mtu kutoka darini au kushuka mtelemko na mzigo. Ndiyo maana kushuka ngazi kunakuua kuliko kupanda. Vijana wa mazoezi watakwambia ni asidi imebaki kwenye misuli. Asidi hiyo huondoka ndani ya saa moja au mbili baada ya kupumzika, kwa hiyo usihangaike nayo. Maumivu ya namna hii huwa makali kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hulegea yenyewe ndani ya wiki.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Asubuhi ile nilitwanga kwa sababu niliona aibu kulala wakati mwenzangu amezika. Maji sikunywa. Nikanunua dukani vidonge vya maumivu vya diklofenaki, nikavimeza kama karanga, nikaendelea na shamba. Siku ya tatu mapaja yalikuwa magumu kama gogo, na nilipokwenda haja ndogo mkojo ulitoka rangi ya kahawa. Nikanyamaza siku nyingine nzima. Baba yako ndiye aliyegundua, nikapelekwa hospitali ya Bombo, nikawekewa dripu siku kadhaa. Wewe uliambiwa mama amekwenda kwa bibi.

Msuli ukiumia kupita kiasi huvunjika, na mabaki yake huingia kwenye damu yakaziba figo. Mtu aliyekauka maji yuko hatarini zaidi, na dawa kama diklofenaki au ibuprofeni huzibana figo zilezile. Kwa hiyo kabla ya kunijibu lolote, nenda chooni uangalie mkojo wako. Ukiwa mweusi kama kahawa au chai ya rangi, au ukiwa kidogo mno, au kiungo kimevimba kikakaza na nguvu zimekwisha kabisa, usinipigie simu mimi. Nenda hospitali, waambie ulibeba watu usiku kucha, waombe wapime damu na figo. Wala usijitibu kwa madafu ukiwa katika hali hiyo. Yana potasiamu nyingi, na figo iliyochoka haiwezi kuitoa.

Mkojo ukiwa mweupe au wa njano hafifu, nimeshukuru. Kunywa maji kidogo kidogo kutwa nzima. Kama ulitoka jasho sana na hujala, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, ukisawazisha vijiko. Kula, hata kama hamu hakuna: uji, maharage, samaki, yai. Kwa maumivu meza panadoli, mbili kwa wakati, zisizidi nane za miligramu 500 kwa siku. Usilale kitandani siku nzima. Tembea hadi kwa jirani urudi, jioni tena. Shangazi yako ameniambia anataka kuja kukuchua kwa viganja vyake vile. Mwambie asubiri. Sasa hivi akupake mafuta ya nazi ya vuguvugu tu, bila kukandamiza.

Kuhusu bati.

Mimi nilikuwa nasikia ule mti wa kitanda ukilia, kri, kri, kila nikilala. Nilidhani naanza kuharibikiwa akili. Sikumwambia mtu mpaka siku moja tunapeta mchele na wifi yangu, naye akauliza ghafla, "Wewe bado unausikia?" Tukaacha ungo, tukalia, tukaongea mpaka mchele ukaliwa na kuku. Tangu hapo ule mlio ukaanza kupungua, si siku moja. Watafute wale mliokuwa nao kwenye kamba. Mimi nitakusikiliza usiku wowote, lakini wao walilisikia bati. Bia za kutafutia usingizi ziache, zinakausha mwili na usingizi wake haupumzishi. Mwezi ukipita na bado unashtuka na kuogopa mvua, kuna wauguzi na madaktari wa afya ya akili kwenye hospitali za mkoa, na kwenda kwao si wendawazimu.

Kazini omba ruhusa leo. Nimejua utasema wenzako wameshapoteza nyumba, wewe unalalaje. Nilisema hivyohivyo nikiwa na mchi mkononi.

Nimempa kijana wa basi la asubuhi chupa mbili za mafuta ya nazi na unga wa uji, kapokee stendi ya Magufuli kabla ya saa tisa, au umtume mtu kama miguu haijakubali. Na ile habari ya mkojo nijibu sasa hivi, usingoje jioni.

Mama yako