Projekta inavuma lakini rili hazizunguki: anza na mpira, mota iache

Ndugu, umesema projekta ya Super 8 (mashine ya kuonyesha filamu ndogo za nyumbani) ya marehemu babu yako hapo Bukavu inavuma, taa inawaka, rili, yaani magurudumu yanayobeba filamu, hazizunguki, na fundi wa redio anataka kubadilisha mota. Mwambie asubiri kwanza. Weka kiganja kwenye matundu ya hewa: ukisikia feni inapuliza, mota iko hai. Mara nyingi kilichokufa ni mpira unaotoa mzunguko kwenye mota kuupeleka kwenye rili.

Chomoa waya, fungua kifuniko cha nyuma. Kwenye mashine iliyokaa kabatini miaka mingi, mpira huyeyuka ukawa kama lami, ukaganda kwenye puli. Usivalishe mpya juu ya uchafu huo. Kwangua na kijiti cha meno, halafu pangusa na pamba yenye spiriti kidogo mpaka chuma kionekane, maana utando mwembamba tu unatosha kufanya mpira mpya uteleze. Spiriti isifike kwenye plastiki. Kisha zungusha uzi kwenye puli kwa njia ileile ya mpira, upime, utafute ringi ya mpira fupi kidogo kuliko uzi huo. Mimi hupata Kadutu, hapo hapo Bukavu, kwa wauza spea za pikipiki. Raba za kufungia noti achana nazo, zinalegea upesi.

Kabla ya kuwasha tena, tazama kama kuna kitufe cha kuchagua volti. Kiwe 220, siyo 110. Balbu ya halojeni usiiguse kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi huifanya ipasuke ikipata moto.

Sasa filamu zenyewe, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Usianze na ile ya harusi ya bibi! Pitisha kwanza kipande usichokihitaji, taa ikiwa imezimwa, kwa sababu filamu ikikwama mbele ya taa inaungua palepale. Kilango ambamo filamu hupita kisafishe na brashi laini, kamwe usitumie bisibisi: mkwaruzo mdogo hapo utachora mstari kwenye kila filamu utakayopitisha. Filamu inayonuka siki imeanza kuoza. Itenge na nyingine, na ikiwa imejikunja au imesinyaa usiilazimishe. Kwa unyevu wetu huu wa ziwani, mabaka meupe ya ukungu nayo ni kawaida.

Picha ikirukaruka baada ya yote haya, angalia matundu ya pembeni mwa filamu. Filamu ya 8 ya kawaida, iliyotoka 1932, na Super 8 ya 1965 zina upana uleule wa milimita 8, hivyo watu huzichanganya. Ya zamani ina matundu makubwa, kila moja likiwa kwenye mpaka wa picha mbili. Super 8 ina madogo, usawa wa katikati ya picha. Projekta nyingi husoma aina moja tu. Piga picha ya matundu hayo kwa karibu uiweke hapa, nitakuambia ni ipi.