Kaka anaapa usiku, alfajiri anakunywa tena

Pole sana dada. Unauliza kwa nini kaka yako huapa usiku kwamba pombe basi, kisha alfajiri yuko kilabuni anatafuta gongo. Mimi naamini anapoapa anamaanisha. Ila mwili umeshaizoea pombe. Ikipungua, mikono inatetemeka hadi chai inamwagika, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio. Glasi moja tu inamtuliza. Ndiyo maana nakusihi msimfungie chumbani ili aache ghafla: ndani ya siku mbili tatu anaweza kupata degedege au kuweweseka, na wapo wanaokufa. Mpelekeni hospitali aachishwe kwa dawa. Ongea naye akiwa hajalewa, bila kumsimanga. Na madeni yake ya kilabuni, mama aache kuyalipa.