Mama ana miaka 74 na mfupa wa taya la juu umekwisha: bado anaweza kupandikizwa meno?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 74. Amevaa meno ya bandia ya juu kwa zaidi ya miaka 20, na sasa yanamdondoka hata akicheka. Daktari wa kwanza alipima akasema mfupa wa nyuma umebaki milimita 2, wa mbele kama 10, hivyo aongezewe mfupa kwanza. Wa pili anataka kumwekea skrubu ndefu zinazoshika kwenye mfupa wa shavu. Mama anameza dawa ya presha, na kila miezi 6 huchomwa sindano ya kuimarisha mifupa. Umri unaruhusu? Tufuate njia ipi?

JIBU: Marahaba. Nianze na hiyo sindano uliyoitaja mwishoni, maana inanipa wasiwasi kuliko miaka 74. Sindano ya kila miezi 6 mara nyingi huwa ni denosumabu. Inazuia mfupa kujimeng'enya, na kwa kufanya hivyo hupunguza pia kasi ya mfupa kujijenga upya, kazi ambayo kipandikizi, yaani skrubu inayoingizwa kwenye mfupa kubeba meno, kinaitegemea ili kishikwe. Kuna wagonjwa wachache ambao baada ya kung'olewa jino au kupasuliwa taya, kidonda hakifungi na mfupa hufa ukiwa wazi mdomoni. Kwa dozi ya udhaifu wa mifupa hatari hiyo ni ndogo. Kwa dozi kubwa za wagonjwa wa saratani huongezeka. Lakini asiiache mwenyewe! Denosumabu ikikatizwa bila dawa mbadala, pingili za uti wa mgongo zinaweza kuvunjika. Daktari anayemchoma sindano na yule atakayempasua wazungumze wao kwa wao kabla hajaguswa.

Umri peke yake haumzuii. Mzee wa miaka 80 mwenye presha iliyotulia anaweza kupona vizuri kuliko kijana mvutaji sigara ambaye kisukari chake hakijadhibitiwa.

Sasa mfupa. Meno yakitoka, ukingo wa taya husinyaa, na juu yake sainasi, yaani uwazi wa hewa ulio ndani ya shavu, hutanuka kushuka chini. Ndiyo maana nyuma zimebaki milimita 2, ilhali kipandikizi cha kawaida kina urefu wa milimita 8 hadi 15.

Daktari wa kwanza atainua utando wa sainasi na kujaza mfupa chini yake. Ni njia iliyozoeleka, ila kwa mfupa mwembamba kiasi hicho husubiriwa takriban miezi 6 au zaidi kabla ya kuweka skrubu, kisha miezi mingine ishikane. Pia mfupa uliopandikizwa ni lazima ugeuke kuwa hai, na hapo ile sindano inarudi kwenye mazungumzo.

Skrubu za shavuni zilianzishwa na Per-Ingvar Brånemark wa Sweden, yuleyule aliyemwekea mgonjwa wa kwanza vipandikizi vya titani mwaka 1965. Zina urefu wa milimita 30 hadi zaidi ya 50, hupita kando au ndani ya sainasi, na zikikaza vizuri meno ya muda huweza kufungwa ndani ya siku chache. Kwa kuwa mbele mama ana milimita 10, huenda zikatosha 2 za shavuni, moja kila upande, na za kawaida 2 hadi 4 mbele, mradi upana wa mfupa nao unaruhusu. Ubaya wake ni huu: mara nyingi huhitaji nusu kaputi, sainasi inaweza kuvimba baadaye, na zinapita karibu na tundu la jicho. Mwulizeni daktari amefanya ngapi kwa mikono yake, na ikitokea hitilafu nani ataitoa skrubu hiyo.

Kati ya hizo mbili, kwa mama ningeelemea ya shavuni, ikiwa picha ya CT ya taya inaonyesha sainasi safi na mtaalamu ni mzoefu. Halafu tazameni vidole vyake. Je, anaweza kupitisha brashi nyembamba chini ya meno yaliyofungwa kwenye skrubu, kila siku? Kama mikono inatetemeka, afadhali meno ya kuvua yanayobanwa na vipandikizi, ambayo mtu mwingine anaweza kumsafishia.

Na kabla ya kisu, atengenezewe seti mpya ya meno ya kuvua. Huenda ile ya zamani inadondoka kwa sababu ufizi umebadilika umbo. Kama seti mpya ikimtosha, apumzike nayo. Isipomtosha, mpangilio wake wa meno ndio utakaomwonyesha mpasuaji skrubu zitokee wapi.