Kabla hujailaumu molekuli, angalia maji

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya vihisi vya kung'aa, yaani molekuli ambazo mng'ao wake hubadilika zikikutana na metali, nimeletewa tena picha ya kuveti, kile kichupa cha kupimia mwanga, chini ya taa ya urujuanimno: buluu ya kupendeza, eti zebaki imeonekana kwenye maji ya mto. Blanki, yaani kipimo cha maji yaleyale bila kihisi, iko wapi? Mboji iliyoyeyuka kwenye maji ya mto hung'aa buluu yenyewe, hata bila kihisi.

1. Pima blanki ya maji yaleyale, kila siku. Basi.

2. Bafa, ule mchanganyiko unaoshikilia pH isibadilike. Hapa nitakaa, maana paliniumiza. Nilikuwa na kihisi cha metali ya risasi kilichowaka vizuri mno kwenye asetonitrili, kiyeyushi kisicho maji. Nikahamia kwenye maji, pH 7.4, nikachukua bafa ya fosfeti kwa kuwa ndiyo iliyokuwa tayari rafuni. Kimya. Nikaongeza risasi, kimya. Nikaitengeneza molekuli upya, nikaipitisha tena kwenye kolamu ya kuisafisha, mwisho nikamwambia msimamizi wangu kwamba muundo haufai. Na ule ukungu mweupe kwenye kuveti nilikuwa nauona! Nikadhani ni uchafu, nikaosha. Kumbe ni fosfeti ya risasi, ambayo karibu haiyeyuki kabisa. Ioni zilikuwa zinatuama chini kabla hazijakutana na kihisi. Nilipoweka HEPES, bafa isiyo na fosfeti, mng'ao ulipanda palepale. Kwa hiyo jamani, ukiona ukungu, usioshe. Simama ujiulize umechanganya nini na nini.

3. Mng'ao ukizimika, usishangilie: shaba huzima vihisi vingi, na hata rangi ya maji yenyewe hufyonza mwanga. Vinavyowaka ni afadhali, ila navyo vina mtego. Vihisi vya rodamini, rangi ya waridi inayong'aa, vina pete ndani ya molekuli; pete hiyo ikifunguka ndipo vinawaka, nayo hufunguka kwa zebaki, na kwa asidi pia. Sampuli mnazihifadhi kwa asidi ya nitriki, pH chini ya 2, kama inavyotakiwa. Halafu mtu anatia rodamini humohumo bila kurekebisha pH, anapata waridi, anakimbilia kuandika ripoti. Hilo nimeliona zaidi ya mara moja, kwa vijana wazuri kabisa.

4. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa risasi kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita, yaani nanomola 48 hivi. Ninyi mnanionyesha mikromola 100, zaidi ya mara 2,000 ya hapo. Anzeni titresheni, yaani kuongeza metali kidogo kidogo, huko chini, na nusu ya kila sampuli ipelekeni kwenye ICP-MS, mashine inayopima metali moja kwa moja, kabla hamjaniletea grafu.