Maswali ya Wafumaji: Kwenda Rhinebeck na Kurudi na Uzi Unaofaa

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu maonyesho ya kondoo na sufu ya New York, ambayo kwa desturi hufanyika wikendi ya tatu ya Oktoba kwenye viwanja vya Dutchess County, mjini Rhinebeck. Wasomaji wetu wa mashariki ya Marekani wanajipanga kwenda kwa makundi. Mabanda ni mengi na rangi zinavutia, na anayeingia bila hesabu hutoka na mashada mazuri yasiyotosha kitu chochote. Kwa hiyo majibu yetu yamejaa namba.

Sisi ni wanawake watano wa Lowell, Massachusetts, tunafuma pamoja. Tunataka kwenda kwa mara ya kwanza. Tulale wapi, twende siku gani, tubebe nini?

Dada zetu, anzeni na malazi. Rhinebeck ni mji mdogo, na vyumba vyake vya wikendi hiyo hukamatwa miezi mingi kabla. Tafuteni Kingston, ng'ambo ya mto Hudson, au Poughkeepsie upande wa kusini. Kutoka Lowell kwa gari ni kama saa tatu njia ikiwa nyeupe, lakini ongezeni muda, maana barabara ya 9 inayopita viwanjani husongamana tangu asubuhi. Atakayeungana nanyi kutoka jiji la New York apande treni ya Amtrak na kushuka Rhinecliff-Kingston. Teksi ya kumtoa stesheni aiagize kabla, kwa kuwa siku hizo wanaoitafuta ni wengi.

Jumamosi kuna bidhaa nyingi na watu wengi. Jumapili mnaweza kuzungumza na mfugaji kwa utulivu, ila rangi zinazopendwa zitakuwa zimeisha. Kama mna lengo la kununua uzi wa kutosha sweta nzima wa rangi moja, au sufu ghafi, nendeni Jumamosi asubuhi na muanzie hapo hapo kabla ya kutazama kingine.

Wengi hufuma sweta mpya ya kuvaa siku hiyo. Nanyi mkitaka, sweta iwe imekamilika, imefuliwa na imekauka wiki moja kabla. Chagueni ya kufunguka mbele: asubuhi ya Oktoba huko ni baridi, lakini mchana jua likitoka, ndani ya mabanda yenye watu mtatokwa jasho. Viatu viwe vya kukanyaga matope.

Bebeni futi ya fundi, mzani mdogo wa gramu, kitambaa cheupe cha pamba, na fedha taslimu, kwa sababu watu wakijaa mtandao wa simu huzidiwa na mashine za kadi hukwama. Kwa sababu hiyo hiyo kubalianeni mapema mahali pa kukutana na saa yake. Msitegemee kupigiana simu.

Mara nyingi napenda uzi kabla sijajua nitafuma nini. Nitajuaje kiasi cha kununua? (Msomaji, Worcester)

Hesabu urefu, usihesabu mashada. Mashada mawili ya gramu 100 yanaweza kutofautiana urefu mara nne. Uzi mwembamba wa soksi huwa na mita 360 hadi 420 kwa gramu 100. Unaofuata, wa masweta mepesi, una mita 200 hadi 250. Wa unene wa kati una mita 180 hadi 200, na mnene una kama mita 100 hadi 120. Lebo za Marekani huandika yadi na wakia: yadi 100 ni mita 91, na wakia 3.5 ni gramu 100.

Kwa sweta ya mtu mzima yenye kifua cha sentimita 100, mikono mirefu, isiyo na mapambo, weka mita 1,500 za uzi mwembamba, au 1,200 za uzi mwepesi, au 1,050 za unene wa kati. Kwa mashada ya gramu 100, hayo ni manne, sita na sita. Kifua kikifika sentimita 120 ongeza robo. Ukitaka misuko ya kupindana mbele, ongeza robo nyingine, kwa sababu kila vitanzi vinapovukana kitambaa hujikunja na kupungua upana, hivyo unahitaji vitanzi vingi zaidi kufikia kipimo kilekile. Soksi za mtu mzima zinatoka kwenye shada moja la mita 400. Kofia haifiki mita 200. Mtandio mdogo ni mita 400, na mkubwa wa kujifunika mabega vizuri ni 800.

Ukiupenda uzi na huna mpango, nunua kiasi cha mtandio au kiasi cha sweta kamili. Shada moja moja la uzi mnene ndilo linalobaki kabatini miaka, maana likishatoa kofia halifiki popote pengine.

Tazama pia jinsi uzi ulivyosokotwa. Uzi wa ncha moja, usiounganishwa na mwingine, ni laini na unang'aa, lakini sehemu inayosuguliwa hutoa vidonge vya manyoya na kulika haraka. Ufanyie mtandio. Kwa soksi tafuta ncha tatu au nne zilizosokotwa kwa nguvu, sufu 75% na nailoni 25%.

Mimi hutumia kroshia tu. Hesabu ni ileile?

Hapana, mama. Kroshia hula uzi zaidi, kama theluthi moja juu ya kiasi cha sindano mbili kwa eneo lilelile. Panapoandikwa mita 1,200, wewe nunua 1,600. Na kwa nguo ya kuvaa, chagua uzi mwembamba zaidi kwa hatua moja, vinginevyo itasimama ngumu mwilini.

Nilinunua uzi uliotiwa rangi kwa mikono. Sweta imetoka na mistari, na ukosi mwekundu umechuja kwenye kifua cheupe. Nikinunua tena nifanyeje? (Msomaji, Providence)

Hayo ni matatizo mawili yenye sababu tofauti.

Mistari hutokana na sufuria. Mtia rangi wa mikono hupika mashada machache kwa wakati, na hata mashada ya sufuria moja hayatoki sawa. Yatoe mashada yote nje ya banda uyatazame kwenye mwanga wa jua. Taa za ndani hudanganya. Ukianza kufuma, tumia mashada mawili kwa zamu: safu mbili kutoka la kwanza, mbili kutoka la pili, hadi mwisho, na shada moja likikaribia kuisha liingize jipya kwa utaratibu huohuo. Tofauti itatawanyika na jicho halitaiona. Fanya hivyo hata kwenye mikono ya sweta, maana mkono uliofumwa kwa shada moja peke yake utaonekana wa nguo nyingine.

Kuchuja kwa rangi kunaweza kupimwa kabla ya kulipa. Muombe muuzaji ruhusa, lowesha kile kitambaa cheupe, kibane kwenye uzi kwa nusu dakika. Nyekundu iliyokolea, buluu ya nili na zumaridi ndizo zinazochuja zaidi. Alama hafifu ni rangi ya ziada iliyobaki juu ya uzi, na itaisha ukiusuuza mara mbili tatu. Kitambaa kikikolea, rangi haikushika.

Wengi huloweka uzi huo kwenye siki baridi kama tunavyofanyia kanga mpya, na haisaidii. Rangi nyingi za sufu hushika kwa asidi pamoja na joto. Asidi peke yake haitoshi. Fungua shada liwe kitanzi kimoja kikubwa, lifunge kwa kamba legelege sehemu nne, na uliloweshe. Weka kwenye sufuria yenye maji vuguvugu lita 4 na siki nyeupe mililita 60. Pandisha moto polepole hadi maji yakaribie kuchemka bila kuchemka, nyuzi joto 82 hadi 85 za Selsiasi, yaache hapo dakika 30, kisha zima moto na uache uzi upoe ndani ya sufuria hadi saa kadhaa zipite. Usikoroge hata kidogo. Sufuria hiyo isirudi jikoni kwa chakula. Fanya hivi kwa uzi kabla ya kufuma. Kwa sweta iliyokwisha kuchuja utajaribu tu kusuuza kwa maji baridi mengi, na rangi iliyoingia kwenye cheupe mara nyingi haitoki.

Tuko wanne na tunataka kuchanga tununue sufu ghafi ya kondoo mmoja, tusokote wenyewe. Kilo tatu zitatosha sweta nne?

Hazitoshi. Sufu ghafi ina mafuta, jasho, vumbi na majani. Ikifuliwa hupoteza kati ya theluthi na nusu ya uzito. Sufu ya kondoo wa Merino hupoteza zaidi, ya kondoo wa sufu ndefu hupoteza kidogo. Kilo 3 zitawapa kilo 1.5 hadi 2, na kuichana kabla ya kusokota kutaondoa tena vipande vifupi. Sweta moja inataka gramu 500 hadi 600. Hesabuni sweta mbili na mabaki ya kofia, au nunueni sufu ya kondoo wawili.

Sufu huuzwa kwa ratili, yaani gramu 454, na bei hutajwa kabla ya kufuliwa, kwa hiyo uchafu mnaulipia pia. Sufu nzuri ni ile ambayo mfugaji amekwisha kuondoa kingo zake zenye mavi na nywele ngumu. Kabla ya kununua, omba kuchomoa kishungi kimoja chembamba. Kishike ncha zote mbili karibu na sikio na ukivute kwa ghafla. Kikilia kama uzi wa gitaa, ni kizima. Kikitoa mlio wa kuchanika, kina sehemu dhaifu, kwa kawaida alama ya wakati kondoo aliugua, alizaa au alikosa malisho. Itakatika mnapochana na uzi utajaa vinundu. Iacheni hata ikiwa rangi yake inapendeza. Kisha geuzeni upande uliokatwa. Mkiona vipande vifupi vya sentimita moja vimetapakaa, mkataji alirudia mkasi, na kila kipande kitakuwa kinundu. Majani makubwa hudondoka yenyewe; mbegu ndogo zenye miiba hazitoki.

Kugawana nako kuna namna yake. Sufu ya mabegani ndiyo laini kuliko zote, ya mapajani ndiyo ngumu. Mkikata vipande vinne, mmoja atapata mabega na mwingine mapaja. Itandazeni yote chini, igaweni kwanza kwa sehemu za mwili, kisha kila mtu apimiwe robo ya kila sehemu.

Ifueni mapema, maana mafuta yakikaa huganda na kuwa ya njano, na nondo huipenda sufu chafu kuliko safi. Wekeni nusu kilo kwenye mfuko wa wavu. Jazeni beseni maji ya nyuzi 60, lita 20, na sabuni ya maji ya vyombo vijiko vinne vikubwa. Zamisheni mfuko, msikande, msibonyeze. Acheni dakika 20, kisha toeni wakati maji bado ni ya moto. Mafuta ya sufu huyeyuka karibu na nyuzi 40. Mkiyaacha maji yapoe, mafuta yataganda tena juu ya sufu na kazi itakuwa bure. Rudieni sabuni mara moja au mbili, kisha suuzeni mara mbili kwa maji ya joto lilelile. Bomba lisimwagike juu ya sufu. Kila unyoya una magamba madogo, na joto likibadilika ghafla huku unasuguliwa, magamba hushikana na sufu inakuwa blanketi lisilofumuka.

Kama hakuna kati yenu aliyewahi kusokota, acheni sufu ghafi mwaka huu. Nunueni gramu 200 za sufu ya kondoo wa Corriedale iliyofuliwa na kuchanwa, jamii ileile inayofugwa nyanda za juu za Kenya, na kijiti cha kusokotea cha gramu 40 hivi kwa kila mtu. Nyuzi zake ni ndefu za kutosha na zina mshiko. Merino, alpaka (manyoya ya mnyama wa Amerika Kusini) na hariri huteleza vidoleni mwa anayeanza.

Sweta yangu ya alpaka imerefuka hadi mapajani. Niliifuma vibaya?

Huenda ufumaji ni sawa. Sufu ya kondoo ina mawimbi yanayoirudisha ikivutwa. Alpaka ina machache, kwa hiyo kitambaa chake kikivutwa na uzito wake hakirudi. Wakati mwingine nunua mchanganyiko wenye walau nusu sufu, tumia sindano ndogo kidogo, na ushone mabega na mbavu badala ya kufuma mzunguko bila mshono. Mishono hubeba uzito. Hiyo uliyonayo itunze imekunjwa, usiitundike.

Nataka kumpelekea mama uzi, yuko Limuru. Dada yangu wa Mombasa naye anataka. Niangalie nini?

Mama mpelekee sufu, Limuru ina baridi ya kuitaka. Wa Mombasa mnunulie pamba au kitani, navyo hupatikana kwenye maonyesho hayo ukivitafuta. Uzi uliokwisha kusokotwa na kufuliwa hauna shida sana, lakini sufu ghafi usiifunge mzigoni: ni zao la mnyama, na idara ya mifugo huitaka kibali kabla haijaingia nchini.

Uzi ukishanunuliwa utie kwenye mfuko wa plastiki, utoe hewa, ufunge, uweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili. Anayekula sufu ni kiwavi wa nondo, na muda mfupi zaidi ya huo huenda ukaacha mayai hai. Ukiutoa usifungue mfuko hadi upate joto la chumba, ili unyevu ubaki nje. Mpelekee mama ukiwa umefungwa hivyo hivyo, na lebo zake ndani.