Maswali na Majibu: Kiti cha Kutazamia na Mchoro Usio na Sura

Tangu nilipogusia katika safu hii kwamba ninaandaa maonesho ya michoro yangu ya dhahania, yaani isiyoiga sura ya mtu wala kitu, maswali yamekuwa yakiingia kila wiki, na mengi yanafanana. Nimechagua sita. Ninayajibu nikiwa studioni, Dar es Salaam, ambako neno lenyewe "studio" hunigharimu maelezo kila mara, kwa kuwa madereva wa bodaboda wanaonileta huku huuliza albamu inatoka lini.

Msomaji wa Morogoro: Mchoraji wa dhahania hushinda akifanya nini studioni, ikiwa hana mtu wala mandhari ya kuchora?

Hushinda ameketi, na sisemi hivyo kwa mzaha. Nina kiti cha plastiki kilichoachwa hapa na fundi aliyepaua banda hili, nimekiweka hatua sita kutoka ukutani, na katika siku ya saa nane za kazi huenda brashi ikashikwa kwa saa mbili tu. Muda uliobaki ni wa kutazama. Mchoraji wa mandhari akikwama huinua macho akauangalia tena mlima, lakini wa dhahania hana wa kumwuliza isipokuwa mchoro wenyewe, nao haujibu harakaharaka.

Wiki iliyopita nilikuwa na kazi ya upana wa sentimita 150 na kimo cha 120, kijivu cha samawati karibu uso wote, na chini kulia mstari wa rangi ya udongo mwekundu, upana wa vidole viwili. Mstari ule niliupenda mno, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa, maana kila nilichoongeza nilikiongeza ili kuulinda. Niliupindua mchoro juu chini, nikaupiga picha kwa simu na kuiondoa rangi ibaki nyeusi na nyeupe, nikagundua kwamba mstari na kijivu kilichouzunguka vilikuwa na kiwango kilekile cha giza, kiasi kwamba katika picha ya simu mstari ulipotea kabisa. Siku ya tatu nilipitisha juu yake kitambaa kilicholowa rangi ya kijivu. Sasa unaonekana kwa shida, kama alama ya mshono uliofumuliwa, na mchoro umetulia. Wanaoniuliza ninajuaje kwamba kazi imekwisha, kipimo changu ni hicho hicho cha kiti: nikiketi asubuhi tatu mfululizo bila mkono kuniwasha, ninaigeuza uso ukutani na kuanza nyingine.

Msomaji wa Tanga: Ninajenga chumba kidogo cha kuchorea. Nimesoma kwamba dirisha liwe upande wa kaskazini. Je, ni kweli?

Ni kweli Ulaya, ambako jua la saa sita mchana hupita upande wa kusini mwaka mzima, hivyo dirisha la kaskazini hupokea mwanga wa mbingu tu, uliopoa na usiobadilika sana. Kwetu sisi tunaoishi karibu na ikweta jua halina upande mmoja. Hapa Dar es Salaam, mwezi Juni, jua la saa sita huwa upande wa kaskazini, limeinama kiasi cha nyuzi 30 kutoka utosini. Ifikapo Desemba limehamia kusini, nyuzi 17 hivi, na Tanga tofauti ni ndogo sana. Kwa hiyo fungua madirisha kaskazini na kusini, epuka ya mashariki na magharibi, refusha upenu, na uwe na pazia jeupe la merikani la kushusha upande ambao jua limehamia msimu huo. Angalia pia kilichopo nje ya dirisha. Mwembe wa jirani yangu hunitilia kijani katika kila cheupe, na nilichelewa miezi mingi kujua kwamba lawama haikuwa ya rangi niliyonunua.

Msomaji wa Mwanza: Rangi za wasanii ni ghali. Je, siwezi kutumia rangi ya mafuta ya duka la vifaa vya ujenzi?

Kwanza tutenganishe majina, maana yanachanganya. Dukani ukiomba "rangi ya mafuta" utapewa rangi ya kung'aa ya milango na mageti, ambayo si sawa na rangi ya mafuta ya wachoraji, iliyosagwa kwa mafuta ya kitani. Hiyo ya mageti ina historia ya heshima kwetu: Edward Saidi Tingatinga, mwishoni mwa miaka ya 1960, aliitumia juu ya vipande vya mraba vya ubao mgumu wa dari, upande wa sentimita 60 hivi, na mtindo mzima ukachukua jina lake. Juu ya ubao mgumu hukaa vizuri kwa sababu ubao hautikisiki. Juu ya kitambaa kinacholegea wakati wa masika na kukaza wakati wa kiangazi, hupasuka, na nyeupe yake hugeuka ya manjano mapema.

Ila kuna suala kubwa kuliko la kupasuka, nalo ni kupauka. Mark Rothko alichora michoro mikubwa kwa ajili ya chumba cha kulia cha Chuo Kikuu cha Harvard, ikatundikwa mwaka 1964 katika chumba chenye madirisha mapana, naye alikuwa ametumia wekundu uitwao Lithol, ambao hauvumilii mwanga. Kufikia mwaka 1979 michoro hiyo ilikuwa imeharibika kiasi cha kuondolewa na kufungiwa ghalani. Huyo ni mchoraji aliyejulikana dunia nzima, na hakununua rangi kwa kukosa fedha. Basi kabla ya kuamini rangi yoyote, ya bei ndogo au kubwa, paka ukanda wake kwenye kadibodi, funika nusu kwa karatasi nene, uubandike kwenye kioo kinachopigwa na jua, na uuache miezi mitatu. Ninazo kanda kumi na moja dirishani sasa hivi. Waridi moja niliyoinunua kwa furaha kubwa imebaki na kivuli cha kahawia upande wa wazi, na kopo lake nimewapa watoto wa jirani wachoree mabango ya mpira.

Msomaji wa Mombasa: Nimepewa ukumbi kwa maonesho yangu ya kwanza, miezi sita ijayo. Nianzie wapi?

Anzia ukumbini na futi mkononi, kabla hujachora hata kazi moja mpya. Pima kila ukuta, andika ilipo milango, swichi za umeme, viyoyozi na nguzo, kisha tengeneza kijumba cha kadibodi ambamo sentimita moja inasimama badala ya sentimita ishirini. Kata vipande vya karatasi kwa kipimo hichohicho, kila kimoja kikiwa mchoro mmoja, uvihamishe huku na huko jioni baada ya jioni. Utagundua jambo ambalo studio hailioneshi: michoro miwili uliyoipenda sawasawa inaweza kuuana ikiwekwa jirani, na ule mdogo uliokuwa ukiudharau unaweza kushika ukuta mzima ukiachwa peke yake. Mimi nilikusudia kupeleka kazi ishirini na nne, na kijumba kimeniachia kumi na tano. Niliumia, lakini dhahania inahitaji ukuta mtupu kuizunguka kuliko picha ya simba inavyohitaji.

Kuhusu muda, ikiwa unatumia rangi ya mafuta ya wachoraji, weka brashi chini miezi mitatu kabla ya ufunguzi, kwa maana rangi hiyo haikauki kwa maji kutoka bali kwa mafuta kuungana na hewa, na tabaka nene huweza kuwa kavu juu na bichi ndani. Vanishi ya mwisho husubiri miezi sita au zaidi, hivyo isahau kwa maonesho haya. Akriliki, rangi ya wachoraji inayochanganywa na maji, hukauka upesi, lakini ina hila yake: kwenye joto hulainika na kunata. Nililijua hilo kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita niliifunga michoro minane kwa plastiki yenye mapovu, mapovu yakitazama rangi, nikaipakia kwenye pikapu saa tano asubuhi, mwezi Februari, na foleni ikatuweka juani saa mbili. Tulipofungua, mchoro mweusi niliouthamini kuliko yote ulikuwa na vidoadoa vya mviringo kuanzia pembe hadi pembe, vimepangwa kwa ustadi ambao mimi mwenyewe sina. Mgeni mmoja aliusifu kwa ubunifu. Tangu siku hiyo ninatanguliza karatasi laini ya kuokea mikate juu ya rangi, kisha plastiki mapovu yakitazama nje, na tunasafiri alfajiri.

Mwambie seremala wako atumie mbao zilizokauka barabara, kwa sababu fremu ya mbao mbichi hujipinda baada ya masika ya kwanza na mchoro hukaa ukutani kama mlango uliovunjika bawaba. Nyinyi wa pwani chagueni pini na skrubu zisizoshika kutu. Siku ya kutundika, mchukue mtu mwenye subira, uzi na pima maji. Kitovu cha kila mchoro kiwe sentimita 150 kutoka sakafuni, na kimo cha msumari ni hesabu ambayo watu wengi huikosea: chukua 150, ongeza nusu ya kimo cha mchoro, toa umbali kati ya ukingo wa juu na pale waya unapokazika ukivutwa. Mchoro wenye kimo cha sentimita 120, ambao waya wake hukazika sentimita 10 chini ya ukingo, msumari wake utakuwa sentimita 200. Usitundike kwa jicho, hasa jicho la saa nne usiku.

Msomaji wa Arusha: Bei unapangaje?

Kwa ukubwa, kisha kwa gharama, kamwe si kwa mapenzi. Kazi mbili zenye vipimo sawa ziwe na bei sawa, na bei ya studioni isiwe chini ya ile ya ukumbini, la sivyo mwenye ukumbi hatakualika tena. Ule usioweza kuachana nao usiutie bei kubwa ya kuwatisha watu, uache nyumbani.

Msomaji wa Unguja: Wageni wakikuuliza "hii ni picha ya nini?" huwa unajibu nini?

Zamani nilikuwa ninakasirika, jambo ambalo halikumsaidia yeyote. Ibrahim El-Salahi, mchoraji wa Sudan aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930, alirudi nyumbani kutoka masomoni London mwaka 1957, akaonesha kazi zake Khartoum, na watu hawakuvutiwa nazo. Hakuwalaumu watazamaji. Alianza kuzunguka nchini akiangalia nakshi za mikeka, vyombo na maandishi ya Kiarabu ambayo watu waliishi nayo, na kazi zake zikabadilika. Mwaka 2013 Tate Modern, jumba la sanaa la London, ilifanya maonesho makubwa ya kazi za maisha yake yote.

Ninamkumbuka kila nikiulizwa swali hilo na mtu wa pwani, kwa kuwa mwulizaji huyo huyo hajawahi kuuliza mkeka wa ukindu ni picha ya nini, na akinunua kanga huangalia pindo, mji na jinsi wekundu unavyokaa na weusi kabla hajalisoma jina. Macho ya kazi hii anayo tayari. Kwa hiyo sijibu kwa maelezo ya hisia zangu. Humwomba aniambie jicho lake lilianzia wapi kwenye mchoro na likaenda wapi, na mara nyingi hunionesha njia ambayo sikuipanga. Wengine huona bahari, nami sibishani nao.

Tatizo ni kwamba mtu aliyesimama na glasi ya juisi mkononi hatazami kwa zaidi ya muda mfupi, ilhali mimi nilikaa na kazi ile kwa wiki. Nimeomba basi viti viwili vya plastiki, kama hiki changu, viwekwe hatua sita mbele ya mchoro mkubwa wa kijivu. Msimamizi wa maonesho anasema vitaharibu sura ya ukumbi na anapendekeza benchi la mninga. Nimelijaribu benchi lenyewe: halina egemeo, na baada ya dakika tano mgongo unakuinua. Tunakutana tena Jumatatu, na kiti nitakwenda nacho.